Haki ya Mtoto Anapoanza Chakula

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanadamu dhaifu, asiyejua kitu wala kuweza kitu, kisha akamwekea riziki yake katika kifua cha mamake kabla hajaota jino la kutafunia. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mpole kwa watoto wadogo, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Usiku mmoja katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tukisoma tafsiri ya Suratul-Baqara, tukafika aya ya 233, nayo ndiyo aya ya kunyonyesha. Tulipokwisha kusoma, ikaletwa karatasi kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Aliyeiandika alikuwa mama kijana. Alisema kwamba mwanawe ana miezi tisa, na tangu mwezi wa saba amekonda, nywele zake zimekuwa nyepesi, hachezi wala hana nguvu ya kulia. Mavyaa wake asema mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kabla ya wakati wake, wakamharibu mtoto. Mume naye, kwa kuona haya mbele ya watu, ameacha kulala nyumbani na sasa anazungumza khabari ya talaka. Mtoto amefungwa hirizi mbili, amenyweshwa kombe, na amepakwa mvuje. Mwisho wa karatasi mama huyo aliuliza: Je, ni kweli kwamba mimi ndiye ninayemuua mwanangu?

Tulinyamaza kitambo. Kisha mmoja wetu akasema aulizwe mtoto anakula nini. Jawabu likarudi: asubuhi hunywa uji mwepesi wa mahindi wenye sukari, mchana chai ya rangi na biskuti, na usiku chai tena. Ziwa ameachishwa, kwa kuwa ameambiwa maziwa yake yameharibika.

Hapo tulijua ya kuwa jambo hili si la mtu mmoja. Ni jambo la mitaa yetu, na ni wajibu wetu kulisema waziwazi. Kwa hivyo twaandika hapa yale tuliyoyazungumza usiku ule na masiku yaliyofuata, tukimwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atuwezeshe kuifuata.

Aya ile ya 233 imekusanya mambo ambayo lau tungeyashika, nyumba nyingi zisingefika zilipofika. Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba mama huwanyonyesha watoto wao miaka miwili kamili, kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Ametujulisha kwamba juu ya baba ni chakula na nguo za mama huyo kwa wema, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Amekataza mama asitiwe katika dhara kwa sababu ya mwanawe, wala baba asitiwe katika dhara kwa sababu ya mwanawe. Kisha akasema kwamba wazazi wote wawili wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, kwa kuridhiana na kushauriana, hapana lawama juu yao.

Zingatieni jambo hili la mwisho. Ni mambo machache ya nyumbani ambayo Qur'ani imeyataja kwa sharti la mashauriano. Kumtoa mtoto katika maziwa na kumtia katika chakula ni katika hayo machache. Kwa hivyo si jambo la mama peke yake, akalaumiwa peke yake. Si jambo la baba kuamrisha kisha akatoka kwenda barazani. Wala si jambo la jirani na mpita njia. Ni la wawili, na ni la kushauriana. Na mtu hashauriani juu ya jambo asilolijua. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu ameamrisha mashauriano, ameamrisha pia elimu ambayo mashauriano hayatimii bila yake. Baba asiyejua mwanawe anakula nini hajatimiza sharti la aya hii, hata akiwa anaisoma kwa tajwidi kila siku.

Na waliotutangulia walilijua jambo hili, wakaliogopa. Katika Sahih Muslim imekuja khabari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akakiri mwenyewe dhambi kubwa iliyostahiki adhabu, naye alikuwa mja mzito. Mtume akamrudisha mpaka azae. Alipozaa akaja na mtoto katika kitambaa. Akamrudisha tena, akamnyonyeshe mpaka amwachishe. Akaja mara ya tatu, na mtoto ameshika mkononi kipande cha mkate, akamwonyesha Mtume kwamba sasa ameacha ziwa na anakula chakula. Hata hapo mtoto hakuachwa bure, bali alikabidhiwa mtu miongoni mwa Waislamu amlee. Tazameni, ndugu zangu: hukumu ya sharia ilingoja, mara moja na mara ya pili, mpaka kuonekane kwa macho kwamba mtoto huyu aweza kula. Ikiwa hukumu imengoja kwa ajili ya haki ya mtoto, sisi ni haraka gani inayotushika hata tukamkatia mtoto ziwa kwa maneno ya watu?

Na Ibn Saad katika Tabaqat ameipokea khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Umar alikuwa ameweka posho kutoka Baitul-Mali kwa kila mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanya biashara ukatua Madina, akatoka pamoja na Abdur-Rahman bin Auf kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mamake akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe vyema. Akarudi mahali pake, akasikia kilio tena, akamwendea tena. Mwisho wa usiku kilio kikamrudisha mara ya tatu, akamlaumu mama yule kwa ukali. Yule mama, asimjue ni nani, akamweleza kwamba anamlazimisha mtoto aache ziwa kabla ya wakati wake, kwani Umar hatoi posho illa kwa walioachishwa. Umar akasali Alfajiri na watu hawakuweza kufahamu kisomo chake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu akajilaumu nafsi yake kwa watoto wa Waislamu waliokufa kwa sababu yake. Kisha akaamrisha itangazwe kwamba watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, na posho itatolewa kwa kila mtoto tangu azaliwapo, akaandikia miji yote hivyo.

Huyu ni Amirul-Muuminin, hakumgusa mtoto yule kwa mkono wake, naye alilia kwa amri aliyoiweka kwa nia njema. Je, sisi tunaoweka amri kwa ujinga?

Sasa tuitazame khabari ya kubemenda. Watu wetu wasema mtoto anayenyonya, wazazi wake wakikutana, huharibika. Neno hili si geni. Waarabu wa zamani nao waliogopa mfano wake, wakauita ghila. Katika Sahih Muslim, kwa mapokezi ya Judama binti Wahb, Mtume alieleza kwamba alikuwa amekusudia kulikataza jambo hilo, kisha akakumbuka kwamba Warumi na Wafursi hulifanya na watoto wao hawapati dhara. Basi hakulikataza. Hii, ndugu zangu, ni hoja ya kutosha kwa anayetaka hoja. Mtume mwenyewe alitazama hali ya mataifa mengine, akaona kwa ushahidi wa mambo yalivyo kwamba khofu ile haina msingi, akaiacha. Vipi basi sisi umati wake tuirudishe khofu aliyoiondoa, tuvunje nayo ndoa na kumfedhehesha mwanamke?

Ama sababu ya kudhoofika kwa mtoto wa namna hii, katika mengi ni chakula. Mnamo 1933 daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliandika khabari ya maradhi ambayo watu wa huko, Waga, huyaita kwashiorkor. Kwa lugha yao ni maradhi ya mtoto anayeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake. Mtoto huvimba miguu, nywele hubadilika rangi na kuwa nyepesi, huwa mnyonge na hataki kucheza. Daktari huyo aliona kwamba watoto hao walikuwa wametolewa katika maziwa wakatiwa katika uji wa mahindi mitupu. Ni hali hii hii ambayo huku kwetu twaiita kubemendwa! Kule walimtazama mtoto anakula nini, na huku twawatazama wazazi wamelala vipi.

Na tusidhani kuwa ni wachache. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 18 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao. Katika Kilifi walikuwa 37. Haya ni kwetu pwani, mbele ya bahari iliyojaa samaki na chini ya minazi na miembe.

Twaogopa mtu akadhani tunakanusha jicho. La. Jicho ni kweli, imethubutu katika hadithi sahihi. Lakini Mtume ametufundisha dawa yake: kumwomba Mwenyezi Mungu hifadhi, na kusoma Qul Audhu mbili. Hakutufundisha kumning'iniza mtoto hirizi shingoni, bali ametuonya kwamba kufanya hivyo ni katika ushirikina. Wala hatukupata kusikia kwamba kusoma Qul Audhu kwamzuia mzazi kumpikia mtoto yai. Msomee mwanao, kisha mlishe. Akiendelea kudhoofika, mpeleke hospitali apimwe, kwani huenda pana maradhi mengine ndani yake. Anayemchukua mtoto mwenye njaa akamzungusha kwa waganga amemdhulumu mara mbili: amemnyima dawa yake, na amempotezea wakati wake.

Basi mtoto aanze vipi chakula?

Madaktari wa leo wamekubaliana, na Shirika la Afya Duniani limeshauri, kwamba mtoto apewe maziwa ya mama matupu mpaka atimize miezi 6, bila maji, bila uji, bila chai. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, yaitwayo dang'a, ambayo baadhi ya watu huyakamua wakayamwaga wakiyaita machafu, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na kuyamwaga ni khasara kubwa. Baada ya miezi 6 aanze chakula, na huku aendelee kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi. Asiachishwe ziwa kwa kuwa ameanza chakula, maana chakula cha mwanzo huongezwa juu ya maziwa, wala hakikuja kuyaondoa.

Imamu Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, sawa na 1350, ameandika kitabu kizima juu ya hukumu za mtoto mchanga, kiitwacho Tuhfatul-Maudud. Humo ameshauri mtoto aachwe na maziwa peke yake mpaka aote meno, kwa udhaifu wa tumbo lake. Kisha apandishwe ngazi kwa ngazi: kwanza kitu laini kama mkate uliorojekwa katika maji ya moto na maziwa, kisha mchuzi na vilivyopikwa, kisha nyama laini iliyopondwa sana. Akaonya juu ya kumjaza mtoto tumbo kupita kiasi. Hatusemi kwamba kitabu cha karne ile chatosha badala ya daktari wa leo. Twasema tu kwamba maulamaa wetu hawakuona aibu kuandika khabari ya uji wa mtoto, na yule anayeona mambo haya ni ya jikoni tu, si ya msikitini, hakuwasoma.

Sababu ya miezi 6 ni hii. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma katika mwili wake, nayo ndiyo yatengenezayo damu. Akiba hiyo yapungua kufikia miezi 6, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Tangu hapo mtoto lazima apate chuma katika chakula. Uji wa mahindi na sukari hauna cha kutosha. Chai ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa yazuia hata chuma kidogo kilichomo katika chakula kisiingie mwilini. Mtoto anayenyweshwa chai pamoja na uji ni kama mtu anayejaza maji katika mtungi uliotoboka.

Vyakula vyenye chuma na nguvu tunavyo. Maini ya kuku au ya ng'ombe yaliyopikwa yakaiva, yakapondwa. Samaki, tafi au changu, achambuliwe miiba yote kwa vidole, apondwe pamoja na viazi au wali laini. Yai lililoiva vizuri, kiini na ute wake. Wako wanaosema yai humchelewesha mtoto kusema, na hilo halina asili. Pojo, kunde na mbaazi zilizopikwa mpaka zikalainika, zikapondwa na tui la nazi kidogo. Mchicha uliokatwa mdogo mdogo, na juu yake matone ya limau au ya chungwa, maana ukali huo husaidia chuma kuingia mwilini. Boga, viazi vitamu vya rangi ya manjano, papai na embe, ambavyo vina manufaa ya macho na ya kumkinga mtoto na maradhi. Ndizi mbivu na parachichi hata moto havihitaji.

Uji si haramu wala si mbaya, lakini uwe mzito. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi umelijaza maji, naye atalala ameshiba maji na mwili una njaa. Uchote kwa kijiko, ukiinamisha uanguke polepole, usitiririke. Utie njugu zilizosagwa zikawa laini kabisa, au samaki mkavu aliyesagwa, au maziwa, badala ya sukari. Njugu nzima asipewe, zisije zikamkwama kooni. Sukari na chumvi hana haja navyo katika mwaka wa kwanza.

Aanze kwa vijiko viwili au vitatu, azidishwe kidogo kidogo. Baina ya miezi 6 na 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, kadiri ya nusu ya kikombe cha robo lita. Kuanzia miezi 9 alishwe mara 3 au 4, na kitu kidogo baina yake, na chakula kiwe na vipande laini ili ajifunze kutafuna. Mkono wa mlishaji uoshwe kwa sabuni, na wa mtoto pia. Maji yachemshwe. Atumie kikombe na kijiko, kwani chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafika. Uji wa jana usipewe mtoto wa leo. Sisi tunaosifika kwa tahara ya mavazi na miili ya sala, si laiki kusahau tahara ya kijiko.

Wala asilishwe kwa kushikwa pua na kukabwa. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alisimulia kwamba alipokuwa kijana mdogo mkono wake ulikuwa ukizunguka katika sahani, na Mtume akamfundisha kwa upole amtaje Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kula ni darsa ya kwanza ya mtoto. Keti naye, sema naye, taja Bismillahi asikie, na akigeuza kichwa mngoje.

Hapa yatupasa tujibu hoja mbili. Wako wasemao: Mtume aliwatia watoto wachanga tende kinywani siku waliyozaliwa, basi vipi mwakataza chakula kabla ya miezi 6? Tahniki ni Sunna iliyothubutu, naye Mtume aliifanya kwa Abdullah bin Zubeir, na kwa mtoto wa Abu Talha, na wengineo. Lakini tahniki ni kusugua kaakaa la mtoto kwa tende iliyolainishwa kabisa, mara moja, kwa kutafuta baraka na kufuata Sunna. Si kumlisha. Anayeichukua kuwa ni rukhsa ya uji wa mwezi wa pili amepita mpaka wake.

Hoja ya pili ni ya asali. Wako wanaofanya tahniki kwa asali, au wanaompaka mtoto asali ulimini kila anapolia, wakisema Qur'ani imetaja kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Ni kweli, na haki ya Mwenyezi Mungu haina shaka. Lakini dawa ina wakati wake na mtu wake. Madaktari wamegundua kwamba asali huweza kubeba mbegu za kijidudu kisichomdhuru mtu mzima, ila katika tumbo la mtoto wa chini ya mwaka 1 huota na kutoa sumu inayolegeza viungo na kuzuia pumzi. Basi asali asipewe mpaka atimize mwaka. Tende zapatikana katika kila duka, nazo ndizo alizozitumia Mtume.

Yabaki neno la baba, nalo ndilo zito. Twajua kwamba maisha ni ghali. Aliye dhaifu Mwenyezi Mungu hakumkalifisha zaidi ya uwezo wake, na pojo na mchicha na dagaa si vyakula vya matajiri. Lakini wako wengi ambao fedha zipo, ila njia yake si ya nyumbani. Siku ya arubaini twapika pilau tukaita mtaa mzima, na mwezi wa saba mtoto yule yule hana yai. Kila alasiri hupatikana fedha ya miraa na muguka, na mama akiomba ya samaki huambiwa hapana. Mtume ametuambia kwamba yamtosha mtu dhambi kuwapoteza anaowalisha. Na ametubashiria kwamba katika yote atoayo mtu, lenye ujira mkubwa zaidi ni lile analotoa kwa watu wa nyumba yake. Hind, mke wa Abu Sufyan, alipomshitakia kwamba mumewe ni bakhili, hampi yamtoshayo yeye na wanawe, Mtume alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kuwatosha kwa wema. Aone haya mume ambaye mkewe amelazimika kuwa kama Hind.

Na kwa mama zetu na bibi zetu twasema kwa adabu na heshima: nyinyi ndio mliotulea, na baraka za mikono yenu twaziona mpaka leo. Hatutaki muondoke jikoni. Twataka muwe ndio wa kwanza kuukanya mkono unaomtilia mtoto chai, na wa kwanza kumtetea mkazamwana wenu asisingiziwe alilolisafisha Mtume. Neno la mavyaa nyumbani ni kubwa, na vivyo hivyo hesabu yake ni kubwa.

Ama yule mama kijana, tulimrudishia karatasi yake usiku ule ule. Tulimwandikia: La, wewe hukumuua mwanao, wala hukumbemenda. Mwanao ana njaa. Mrudishe ziwani, na kesho asubuhi mpeleke kliniki. Alimpeleka. Mtoto alipimwa, akapewa chakula cha dawa, na mamake akafundishwa namna ya kumpikia. Tulipopata khabari yake mara ya mwisho alikuwa ameongeza uzito na ameanza kutambaa, na hirizi zimevuliwa. Wazee wawili katika darsa wamemwendea mumewe, wakamsomea aya ya 233 na hadithi ya Judama. Amesikiliza, hakujibu. Twamwombea.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa na utuepushe na ujinga unaovaa kilemba cha dini. Wahifadhi watoto wetu na kila jicho baya na kila njaa. Wape baba zetu moyo wa Umar, aliyelia kwa kilio cha mtoto asiyekuwa wake. Tia baina ya mume na mke ridhaa na mashauriano kama ulivyoamrisha. Na umteremshie rehema na amani Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amin.